Tandu Katika Koti la Marehemu

Watu walikuwa wakicheka huku mtani wangu anakufa. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani namsimulia kisa cha kuchekesha cha mfuga wadudu. Walicheka hadi wengine wakajifuta machozi kwa ncha za kanga, katika msiba wa baba yangu mzazi, nyumbani kwetu Mabwerebwere, Kilosa, mchana kweupe. Aliyejua kwamba mtu yule anakufa kweli nilikuwa mimi peke yangu, na ili nimfikie ilinibidi niwapige ndugu zangu.

Ufugaji wenyewe niliuanzia Mikumi. Nilikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya watalii, na sehemu kubwa ya kazi ile, ambayo hakuna aliyenitajia nilipoajiriwa, ilikuwa kuua. Mgeni akipiga yowe bafuni, naitwa niende na fagio na jembe. Nyoka, nge, buibui, tandu, wote walikuwa wangu. Tandu ndiye aliyenifundisha kwamba kuua si kazi nyepesi. Mmoja nilimkata katikati kwa jembe. Nusu ya nyuma ikakimbilia majanini, nusu ya mbele ikageuka na kupanda mpini ikinifuata mkono. Nikaiangusha, nikaiponda kwa kisigino cha buti, na bado yale meno yake yalikuwa yakibana na kuachia. Siwezi kusema nilimhurumia. Nilimkubali, kama unavyomkubali mtu mliyepigana naye akakataa kuanguka.

Mgeni mmoja, mzee wa Kizungu mwenye suruali ya mifuko mingi, alinikuta nikilisafisha lile jembe akashika kichwa kana kwamba nimemuua mbwa wake. Akanionyesha kwenye simu picha za tandu anaowafuga sebuleni kwake, ndani ya masanduku ya kioo, na jongoo kibao, kila mmoja na kisahani chake cha maji. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Haukupita muda mimi mwenyewe nilikuwa na jongoo kwenye ndoo ya rangi chini ya kitanda, na tandu kwenye ndoo ya pili.

Jongoo ndiye mpole. Wale wakubwa wanaotoka mvua zikianza ni weusi ti, wanene kama kidole gumba na warefu kuliko kiganja. Ukimweka mkononi anajikunja. Ukimvumilia anajikunjua na kuanza safari, na miguu yake inapita kwenye ngozi kama brashi laini. Akiogopa anatoa majimaji ya manjano yanayonuka dawa, na doa lake halitoki vidoleni hata usugue kwa jivu. Silaha yake ndiyo hiyo tu. Anakula majani yaliyooza, maganda ya tango na ndizi iliyoiva mno, wala hana ugomvi na mtu.

Tandu ni habari nyingine. Wangu nilimlisha mende na panzi, na mara mojamoja mjusi. Mjusi hata hajagusa chini ya ndoo, tandu keshamvaa. Anamzungushia mwili mzima, kila mguu umeshika, anamng'ata shingoni na kutulia akingoja sumu ifanye kazi. Mkia wa mjusi unakatika na kurukaruka peke yake mchangani, hakuna anayeushughulikia. Kisha anaanza kumla kutoka kichwani wakati miguu ya nyuma bado inatapatapa. Nilitazama mpaka mwisho kila mara. Watu huniambia hawawezi kutazama vitu vya namna hiyo, na hao hao nawaona wakisukumana wapate nafasi mwizi wa simu anapopigwa sokoni.

Hoteli ilipopunguza wafanyakazi nilirudi Kilosa kwa basi, kupitia Ulaya, hiyo Ulaya yetu yenye vumbi, nimepakata ndoo zangu mapajani. Nikafungua meza ya ufundi simu Magomeni ya hapo hapo Kilosa, na kulala nikawa nalala kwa baba.

Baba alikuwa mstaafu wa reli, ile ya zamani. Ujana wake wote alipigilia misumari ya mataruma kwa nyundo, na mkono wake haukuwahi kujifunza kazi nyingine. Alimpiga mama, alinipiga mimi, aliupiga mlango ukikwama. Majirani walimwita mtu safi kwa sababu hakukosa msikitini. Siku niliyorudi nilimwamkia, "Shikamoo baba," ndoo zikiwa mkononi. Akaitikia, "Marahaba," kisha akachungulia. Ndoo ya tandu aliifunua, akarudi nyuma haraka, akaiacha. Ile ya jongoo aliitazama kidogo, akaenda jikoni, akalitoa birika motoni na kuwamiminia maji yote yanayochemka.

Jongoo hana sauti, na hilo ndilo lililonipandisha hasira zaidi. Walijikunja, wakajikunjua, magamba yakapasuka, yale majimaji ya manjano yakatoka na harufu yake ikajaa uani. Nilimshika baba mkono. Akanipiga kwa birika lenyewe, tupu, bado la moto, juu ya jicho. Ngozi ilipasuka na kuungua kwa pamoja.

"Mtupa jongoo hutupa na mti wake," akaniambia akihema. "Nikikuta mwingine humu ndani, unatoka naye."

Sikumrudishia. Wapo walioisifu ile kuwa ni adabu. Ukweli ni kwamba damu ilikuwa imenifumba jicho na sikuona pa kupiga.

Nilibaki kwa ajili ya mama, ambaye hata usingizini alilala mikono imefunika uso. Nikahamia chumba cha uani, nikaokota jongoo wengine, na safari hii baba hakuwagusa, kwa sababu ndoo ya tandu niliiweka mlangoni. Pamoja na ukali wake wote, baba alimwogopa tandu. Alisimama uani akitukana, haingii. Kwa mara ya kwanza nyumba ile ilikuwa na kitu kinachoogopwa kuliko yeye, na nilikipenda kitu hicho kwa moyo wote.

Sasa mtani. Kabila lao na letu ni watani tangu enzi za mababu, na asiyejua utani akitusikia atakimbilia polisi. Tunatukanana, tunanyang'anyana, tunasingiziana. Kwenye misiba ndio wanaoshika usukani: mtani anavaa nguo za marehemu, anaiga alivyotembea, alivyofoka, hata alivyokata roho, ili wafiwa wapate kupumua. Sheria ni moja tu, kwamba mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia unatozwa mbuzi, na aibu yake ni kubwa kuliko mbuzi.

Wangu alikuwa dereva wa bodaboda, kijiwe chake hatua chache tu kutoka meza yangu. Kila asubuhi lazima anianze.

"Bwana Mifugo! Ng'ombe wameamkaje? Yule beberu keshapata viatu vya miguu yote?"

"Pita huko, mtumwa wetu," namjibu. "Babu yako tulimchukua kwa kikapu cha mihogo, na mihogo yenyewe ilikuwa michungu."

"Ndiyo maana mpaka leo akili zenu zimelewa."

Siku nilipopigwa kwa birika yeye ndiye aliyenibeba kwenda kushonwa, na njia nzima alinitukana ili nisizimie. Jongoo wangu aliwazoea. Aliwaweka kichwani, juu ya kofia, akisubiri abiria. Tandu hakumsogelea, na sababu niliijua. Tulipokuwa shule nyuki mmoja alimuuma sikio, nyuki mmoja tu, na uso wake ukaumuka hadi macho yakapotea, akawa anavuta hewa kama mtu anayenyonya mrija ulioziba. Aliokolewa kwa sindano. Daktari akamwonya kwamba sumu ya mdudu na damu yake havipatani, na safari nyingine huenda asiwahi.

Baba alianguka uani alasiri moja. Alishika shingo ya kanzu, akakoroma, povu likamtoka, miguu ikapiga chini, kisha basi. Majirani waliomwona walilisimulia anguko lile kwa kila aliyefika kuhani, hatua kwa hatua, mpaka hata wasiokuwepo wakalijua. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira naye kwa kufa kabla sijamrudishia.

Kwenye matanga, wanawake walitoa vitu vyote chumbani kwangu ili wageni wapate pa kulala, na ndoo zikapangwa nyuma ya jiko. Zote zilikuwa nyeupe, za rangi, vifuniko vimetobolewa kwa msumari wa moto. Mimi na mtani tulizitambua kwa mahali pake tu: ya dirishani jongoo, ya mlangoni tandu. Nyuma ya jiko zilikaa kama walivyozitua, bila mpangilio ule.

Mchana, watu wamekwisha kula, mtani akatokea amevaa koti la baba la reli, zito, la buluu iliyokolea, vifungo vyote vimefungwa hadi kooni kama baba alivyokuwa akifanya hata wakati wa joto. Amejipaka unga wa muhogo kidevuni uwe mvi. Mkono mmoja birika, mwingine ndoo. Uwanja ulilipuka kwa kicheko kabla hajafungua mdomo.

"Nani kaleta ng'ombe wa shetani kwangu?" akanguruma, na ilikuwa sauti ya baba kabisa. "Mimi nimejenga reli kutoka hapa mpaka ahera! Mbona mbuga yote ya Mikumi imehamia chumbani kwangu?"

Akamfuata mama, akamtishia kwa birika, kisha akapiga goti na kumwomba uji. Mama alicheka. Sijui mara ya mwisho nilimsikia mama akicheka lini. Na mimi nilicheka, tumbo likauma, kwa kuwa yule mzee aliyenitisha miaka yote alikuwa mbele yangu na hawezi kunifanya lolote.

Akaweka ndoo chini, akang'oa kifuniko. "Njoo wewe mwenye miguu kama treni ya mizigo," akasema, na kutia mkono bila kutazama, macho kwa watu, kama mchekeshaji yeyote anayejua kazi yake.

Niliuona mkono ukitoka, na kitu cha kahawia, chenye miguu ya manjano, kikipotelea ndani ya mkono wa koti.

Alipiga kelele. Akautikisa mkono, akazunguka, akajipiga begani, kifuani, kwapani, na kila alipojipiga tandu alimuuma, maana tandu hakimbii anapobanwa. Watu wakapiga makofi. Akajaribu kufungua vifungo, vidole vikakataa. Halafu tandu akatokeza kwenye ukosi, chini ya taya, akang'ang'ania hapo sekunde moja na kurudi ndani. Mtani akashika shingo ya koti. Akakoroma. Akaanguka, povu mdomoni, miguu ikipiga chini.

"Hivyo hivyo!" akapiga kelele jirani mmoja kwa furaha. "Ndivyo alivyoanguka marehemu! Hivyo hivyo!"

Simu zikainuliwa kila upande. Nilisimama, nikapiga ukelele kwamba ni tandu, kwamba anakufa, na kicheko kikazidi, wakidhani nami nimeingia mchezoni. Nilipoanza kuwasukuma, mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye kwa mila zetu ndiye mkubwa wa ukoo na msemaji wa msiba, akanidaka mkono.

"Kaa chini," akasema kwa sauti ya chini. "Mtani hakasirikiwi. Wadudu watanunuliwa wengine."

"Mjomba, anakufa!"

"Baba yako ndiye aliyekufa. Usituaibishe."

Binamu zangu wakanikamata kiunoni na shingoni. Walidhani nakwenda kumpiga mtani kwa ajili ya ndoo. Nilimtazama pale chini. Midomo ilikuwa imevimba kama maandazi na shingo imelingana na taya. Nikamng'ata binamu mmoja kiganja hadi nikaonja chumvi. Mwingine nilimpiga kichwa cha pua, nikasikia inavunjika. Kando ya sufuria ya ugali wa msiba kulikuwa na mwiko, ule mrefu kama kafi. Nikauchukua kwa mikono miwili na kuuzungusha. Mmoja ulimpata begani, mwingine mbavuni, na mjomba wangu, mzee wa watu, ulimpata gotini akaenda chini na kofia yake. Sikusikia huruma hata chembe. Ningewavunja wote miguu siku ile na jioni nikala chakula changu vizuri tu.

Nilimfikia, nikalikamata koti kwa pande mbili na kulipasua. Vifungo viliruka. Tandu akaanguka juu ya mkeka, katikati ya wanawake waliokaa, na hapo ndipo kicheko kilipokatika. Mkeka wote ulisimama mara moja. Watoto walikanyagwa, sufuria ikapinduka, na shangazi mmoja akamtwanga tandu kwa mchi, mara ya kwanza, mara ya tano, mpaka hakukuwa na cha kutwanga isipokuwa ardhi.

Aliyenielewa ni mama. Alikuja na kanga mbili. Tulimpakia mtani kwenye pikipiki yake mwenyewe, nyuma yangu, na mama akamfunga mgongoni kwangu kama mtoto, fundo moja kifuani mwangu na jingine tumboni. Niliendesha kama mwendawazimu. Kuku walikufa, nadhani na mbuzi. Njia nzima nilisikia pumzi yake shingoni mwangu ikipiga filimbi nyembamba, na nikamtukana. Nilimtukana babu yake, mihogo yake, ukoo wake mzima, kwa sauti ya juu, nikimwambia mtumwa hafi bila ruhusa. Tulipokaribia hospitali ile filimbi ikanyamaza, nami nikaendelea kutukana huku nalia, na ndiyo mara yangu ya kwanza kulia katika msiba ule.

Wauguzi walizikata zile kanga kwa mkasi. Walimdunga, wakambana kifua, wakanisukuma nje na mlango ukanipiga usoni. Kupitia kioo nilimwona akijipinda mgongo mpaka visigino na kichwa tu vikagusa kitanda. Kisha akatapika, akavuta hewa, sauti kama ya kitambaa kinachochanwa. Nikakaa sakafuni. Alikuwa hai, na kwangu hilo lilitosha.

Ukoo ulikaa. Nilitozwa mbuzi kwa kumkasirikia mtani msibani, na mwingine kwa goti la mjomba. Kila mwenye mdomo alinitupia methali. Shangazi wa mchi akasema kikulacho ki nguoni mwako, akatabasamu kana kwamba ameitunga yeye. Mbuzi niliwatoa. Radhi sikuomba. Niliwauliza kama wangependa mbuzi wawili hao wawe wa matanga ya mtani.

Mtani alitoka hospitali uso umenywea, mkono wa kulia mzito. Nilimsubiri kijiweni kwa hamu, nimetayarisha matusi mapya. Lakini kabla hajarudi kazini mtu alikuwa amemtumia ile video. Ilikuwa imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp Kilosa nzima, imepambwa vikatuni vinavyolia kwa kucheka. Mke wake aliniambia aliitazama mara nyingi, ameketi kitandani, simu imeongezwa sauti. Anaonekana akianguka. Anaonekana akiomba kwa mikono. Vinasikika vicheko vya watu anaowabeba kila siku kwenye pikipiki yake, jina baada ya jina angeweza kuvitambua, na juu ya vyote sauti inashangilia, hivyo hivyo, hivyo hivyo.

Asubuhi aliyorudi kijiweni nilimwita kutoka mezani kwangu. "Wewe mtumwa! Nasikia hata tandu kakutapika?"

Aliegesha pikipiki, akaja, akanipa mkono. "Habari za asubuhi, kaka. Poleni na msiba."

Nikacheka, nikingoja kinachofuata. Hakikufuata kitu. Kesho yake vilevile, habari za kazi, habari za nyumbani, na Mungu akubariki kwa ulivyonisaidia. Bwana Mifugo hakuitwa tena na mtu. Nilimwekea jongoo juu ya kofia, akamchukua kwa vidole viwili, taratibu, akamrudisha mezani na kusema samahani. Misiba ilipotokea kwa watani wengine aliketi nyuma na kanzu yake safi, akaondoka baada ya dua.

Nilivumilia mpaka nikashindwa. Mchana mmoja, kijiwe kimejaa, nilimfuata nikamtukana tusi baya kuliko yote yaliyopo kati ya makabila yetu mawili, lile ambalo mtani yeyote aliye hai lazima alijibu. Akaniambia, "Sawa, kaka." Nikamkunja shati. Nikamzaba kofi, kwa mkono mzima, hadi kofia ikaruka. Nilikuwa naomba anirudishie, anitemee, anivue viatu avitupe juu ya paa, anivunje meno.

Aliinama akaiokota kofia, akaipangusa vumbi gotini, akaivaa.

"Nisalimie mama," akasema, na kuwasha pikipiki.